Zizi la Radi

Ingutia ameingia na diski ndani ya soksi,
soksi ya mpira, ya kijani, imefungwa fundo.
"Fundi, nafasi ipo tele, lakini inanikatalia.
Nimerekodi pambano zima la Khayega,
tangu isikuti ya kwanza
hadi yule fahali wa Shinyalu alipogeuza mkia,
na kompyuta inaniambia faili ni kubwa mno.
Kubwa vipi, na diski ni nusu tupu?"

Namwambia: si uwanja, ni lango.
Zizi lako ni la Fati,
mfumo wa zamani, wa kila mtu.
Redio inausoma, runinga ya hoteli pale Lurambi inausoma,
hata spika ya kinyozi.
Lakini fahali akifika gigabaiti nne, hapiti.
Hawakumkataa kwa ubaya.
Waliopima lango enzi zile
hawakuota ng'ombe wa kimo hicho.

"Basi nijengee lingine."

Lipi sasa? Kuna NTFS, ya ukoo wa Windo.
Hiyo ina daftari mlangoni.
Kabla ya kusogeza hata ndama, huandika kwanza:
namtoa huku, nampeleka kule.
Umeme ukikatika katikati,
nawe unaijua Kakamega, saa tisa mawingu, saa kumi ngurumo,
ukirudi, inafungua daftari na kuona ilipoishia.
ext4 nayo ina daftari lake;
nimeilalia miaka kumi na moja, nimelala salama.
Ila mpelekee mpwa wako mwenye Windo,
itatazamwa kama mgeni asiye na kitambulisho:
"Hii siijui. Niifomati?"
Fati haiandiki kitu. Inabeba ndama gizani,
na ikijikwaa
hakuna ajuaye ndama alikuwa wa nani.
Ana mdogo wake, exFAT: lango pana,
kamera zinampenda,
daftari hana, wameachiana tabia.

"Niwekee mbili basi."
Ndugu yangu, mafahali wawili...
"Hawakai zizi moja, najua. Piga ua katikati!"
Tumecheka. Ua unapigika, kweli.

Lakini kujenga upya ni kubomoa. Humu mna kitu?

"Hamna. Nilifuta yote mwaka juzi,
baada ya mazishi."

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

Watu hudhani kufuta ni kuchoma.
Fati haichomi. Inang'oa herufi ya kwanza ya jina,
inatangaza pale pa wazi, basi.
Fahali bado amelala palepale, anacheua,
mpaka mwingine aje alale juu yake.

Nimeita chombo cha kuokoa.
Majina yamepanda kiooni, yote mapengo:
?RUSI. ?ANISANI. ?ADI.

Ingutia amekaa kwenye kreti ya soda.
"Hiyo ya mwisho," anasema, kisha hasemi.
Baadaye: fahali wa baba. Baba mwenyewe kashika kamba,
koti la mvua la kijivu, buti moja limefungwa waya.
Alipiga mluzi mmoja tu, na yule mnyama akamfuata.

Chombo kinauliza: herufi ya kwanza?
Hakijui. Kwake ni sawa tu,
iwe kadi, iwe jadi.

Nje mawingu yameketi juu ya msitu.
Betri ya akiba ina dakika sita, nikiisifu.
Nimechomeka diski yangu mwenyewe, ile yenye daftari,
maana hauokoi kitu ukakirudisha kwenye zizi lilelile.
Nimemsogezea kibodi. Andika wewe.

Kidole kimezunguka juu ya herufi kama kipofu.
R.

Mstari wa kijani umeanza kutambaa, asilimia mbili, tatu.
Bati limepigwa na tone la kwanza.
Zizi jipya bado hatujaamua.